Kufuli Iliyovuka Mpaka Imefungwa

Ijumaa, jioni. Mawingu yameshuka toka mlimani tangu asubuhi, yamekaa juu ya mabati ya Bwera bila kunyesha. Ni siku ya soko, lakini kelele ya soko leo nimeisikia kama inatoka ndani ya mtungi. Nguo nilizoanika bado zina maji. Mikono yangu inanuka chuma. Nimeosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau, na bado inanuka.

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ndani sitaki kukaa. Nje pia sitaki.

Kwa asiyenijua: mimi ni mama wa watoto wanne, shule niliacha darasa la nne, na kitu ninachokipenda baada ya watoto na kanisa ni kufuli. Wanawake wengine wanasuka mikeka. Mimi nafungua kufuli zisizo na ufunguo.

Ilianza kwa woga, maana mimi ni mtu wa woga. Siku moja nilimfungia mtoto wangu wa mwisho ndani akiwa amelala, nikaenda nyuma ya nyumba kidogo tu, na ufunguo ukanitoka mkononi ukaanguka ndani ya choo. Mtoto akaamka. Nilimsikia akilia upande ule wa mlango, nami niko upande huu. Jirani mmoja, fundi wa baiskeli, akaja na kipande cha bati alichokata kwenye kopo la soda. Akakiingiza kando ya kufuli, akakizungusha kidogo, mlango ukafunguka kabla sijamaliza Salamu Maria.

Nikamshukuru Mungu. Halafu usingizi ukanipotea. Kama yeye amefungua hivi, nani mwingine anaweza? Nikatafuta makopo, nikatafuta mkasi, nikajifunza ili nisiogope. Nikazidi kuogopa.

Lakini nikapenda. Hiyo ndiyo kweli. Kile kipande cha bati mimi nakiita ulimi. Kinateleza kando ya ule mkono wa chuma uliopinda, kinaingia ndani pasipoonekana, kinakutana na jino dogo linaloshika, na kama mkono wako una subira, kufuli inapumua. Tak. Kwenye ukuta wa jiko nimefunga waya, na kwenye waya nimetundika kufuli zangu zote: za sokoni, za sanduku la mwanafunzi, zilizookotwa, na ambazo binti yangu Masika ananitumia kutoka Kasese anakofanya kazi saluni. Nazifungua, nazifunga, nazifungua tena, wakati maharage yanachemka.

Kufuli iliyo kwenye mlango wa mtu siigusi mpaka mwenyekiti wa LC, mkubwa wa kijiji chetu, amesimama pale na mwenye nyumba amejulikana. Baba Masika, mume wangu, anasema siku moja watu watamwambia ameoa mwizi wa Kikatoliki.

Sasa nieleze ya leo.

Kuna mama mmoja, Mama Kahindo, anauza mawese na unga wa muhogo kando ya barabara ya kwenda mpakani. Alivuka kutoka upande wa Beni, Kongo, wakati wa Pasaka, na watoto watatu na godoro moja. Nilimjua kanisani kwa sababu watoto wetu waligombania benchi. Ni mtu wa kucheka. Hata akikuuzia mawese yaliyoganda atakuchekesha mpaka usahau kulalamika.

Leo alikuja kwangu soko likiwa limejaa. Hilo peke yake lingenishtua. Muuzaji gani anaacha meza yake Ijumaa saa ile? Hakucheka. Aliweka kitenge kilichofungwa fundo juu ya mkeka wangu, akasema, "Mama Masika, niangaliye hii kitu," halafu akaomba maji, akaenda nyuma kwenye jerikeni.

Nikafungua fundo. Ndani, kufuli. Ya rangi ya dhahabu, ya zile za bei ndogo, ina tone la rangi ya kucha nyekundu ubavuni. Ilikuwa imefungwa, lakini haikushika kitu. Hakuna mnyororo, hakuna komeo, hakuna sanduku. Imefungwa yenyewe juu ya hewa. Nilipoishika ilikuwa ya baridi kuliko kitu kilichobebwa mkononi kutoka sokoni.

Nikafikiri ni kama zile nyingine, kapoteza ufunguo, kaniletea nicheze. Mkono wangu ukaenda kwenye kopo langu la ndimi kabla kichwa hakijauliza. Nikaingiza. Nikazungusha.

Tak.

Nikaiweka wazi juu ya kitenge, nikakaa natabasamu kama mpumbavu.

Mama Kahindo alirudi na maji mdomoni. Aliiona, akasimama. Hakumeza. Alisimama na yale maji mdomoni mpaka nikaona machozi yanakuja, ndipo akageuka akayatema nje ya mlango.

"Umeifungula," akasema.

"Hizi ni nyepesi, Mama Kahindo, hizi hata..."

"Nilisema uangaliye. Sikusema ufungule."

Akakaa chini. Akanieleza, na naandika hapa kama alivyosema, kwa sababu maneno yake bado yananizunguka.

"Kule kwetu, kama mutu haweze kukimbia, tunamufungia inje. Muzee, mugonjwa, mutu wa miguu mubaya. Unamuweka ndani na maji na chakula, unafunga kufuli kwa inje, unaenda. Bale batu ba musituni, benye bunduki, bakifika, banaona kufuli, banasema hapa hakuna mutu, banapita. Siku ingine unarudi, unamukuta."

Nilimwuliza nani alifungiwa.

"Mama yangu."

Akavuta kamba shingoni mwake, kamba ya kiatu, na ufunguo mdogo ukatoka chini ya blauzi. "Hii ni ya kwanza. Ya pili nilipitisha chini ya mulango, nikamupa yeye. Nikasema, mama, kama mutu wetu anafika, unamusukumia funguo chini, anakufungulia. Kama si mutu wetu, unanyamaza."

Tangu Pasaka hakupata habari. Njia imefungwa, imefunguliwa, imefungwa tena. Wiki hii katekista wao aliyerudi kuangalia shamba lake alivuka kuja huku, akamletea ile kufuli. Alisema nyumba inasimama. Mlango uko wazi. Ndani kumefagiliwa. Sufuria imegeuzwa chini-juu ikauke, blanketi limekunjwa. Hakuna mtu. Na kwenye ubao wa dirisha, kwa nje, kufuli imekaa, imefungwa. Akaijua kwa ile rangi ya kucha.

"Damu hakuna," Mama Kahindo akasema, nami sikuwa nimeuliza. "Kaburi pia hakuna. Aliangalia."

Maharage yalikuwa yanachemka. Nilisikia kila punje.

"Sasa wewe unajua mambo ya kufuli," akasema. "Batu bote banasema. Uniambie: ilifunguliwa na funguo, ao na kitu ingine? Kama ni na funguo, ni mutu mama alijua sauti yake. Alimupa mwenyewe. Kama ni kitu ingine..."

Hakumaliza, na sikutaka amalize.

Ndipo nikaona nilichofanya. Ufunguo ukifungua, hauachi alama pale kwenye mkono wa kufuli, kwenye lile pengo ambapo jino hushika. Ulimi wa bati unaacha. Unakwaruza, kidogo tu, lakini unakwaruza. Ningeuliza kwanza, ningeingiza ufunguo wake ule wa shingoni, ningeifungua kwa heshima, ningesoma pale kama mtu anayesoma barua. Na mimi nilikuwa nimeshaingiza wangu. Nilitembea juu ya nyayo kabla ya kuziangalia.

Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nikaiangalia karibu sana na jicho. Mama Kahindo alikaa nyuma yangu, na nilisikia jinsi anavyopumua kwa mdomo.

"Siwezi kujua," nikasema. "Nimeharibu na bati langu. Unisamehe."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliichukua, akabonyeza ule mkono polepole mpaka ukashika, tak, akaifunga tena kwenye kitenge kama mtu anayemfunika mtoto. Akaenda kwenye mawese yake.

Nilichomwambia si uongo. Lakini si chote.

Nilikuwa nimeona mikwaruzo miwili.

Mmoja mpya, mweupe kama jino. Huo ni wangu. Wa pili ulikuwa wa kahawia, kutu imeshaingia ndani yake. Wa zamani kidogo, si sana. Kuna mtu alifungua kufuli ile kwa ulimi wa bati, mbali, kwenye mlango ambao nyuma yake alikuwa amekaa mwanamke mzee na ufunguo mkononi.

Na kuna kitu kingine. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nazungusha ulimi kinyume na watu wote niliowaona kwenye video, na upande mmoja naukata mviringo ili usinikate kidole, kwa hiyo mkwaruzo wangu unalala upande wake, unakuwa na mkia mdogo. Nina kufuli nyingi kwenye waya, zote zina mkia ule. Sijauona kwa mtu mwingine.

Mkwaruzo wa kahawia ulikuwa na mkia ule.

Wanaonifuata kwenye ukurasa huu wanakumbuka mwaka jana niliandika ninavyokata ndimi zangu, na Masika akapiga picha mkono wangu hatua kwa hatua. Watu walicheka, watu walisifu, mmoja akauliza kama naweza kumfungulia moyo wa mchumba wake. Nilifurahi. Sikuwahi kufundisha mtu kitu chochote maishani mwangu ila kupika bundu, ugali wetu wa muhogo.

Nikampigia Masika.

"Ile ya kukata bati, nani aliisoma?"

"Watu wengi, mama. Hata ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Mama, simu haionyeshi kijiji cha mtu. Inaonyesha nchi tu. Kongo wako wengi kuliko Uganda. Unataka nini saa hizi? Nina kichwa cha mtu mkononi."

"Ifute."

"Nifute yote?"

"Ngoja. Usifute. Suka kwanza hicho kichwa."

Nikakaa jikoni. Upepo ulipita mlangoni, upepo mdogo ambao haukutosha hata kupeperusha moshi, na kufuli zangu kwenye waya zikagongana moja na nyingine. Nimezizoea. Leo nilinyanyuka nikazishika zote kwa mikono miwili, zinyamaze.

Nilikuwa nafikiria huyo mzee. Sijui jina lake. Mama Kahindo anamwita mama, watoto wake wanamwita koko, kama wanavyoita bibi kule. Nilimwona amekaa kitandani, giza la mchana, mstari wa mwanga chini ya mlango. Anasikia miguu. Miguu inasimama. Halafu anasikia bati.

Kwa nini hakusukuma ufunguo? Nilirudi kwenye swali hilo kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Kama ni mtu wa kwao, kwa nini hakumpa? Na kama hakuwa wa kwao, ni mtu gani mbaya anayekaa chini mlangoni na kipande cha bati, anachokonoa kwa subira, wakati ana mguu wa kupiga mlango? Na baadaye anakunja blanketi?

Sikuweza kukaa na hilo peke yangu. Baba Masika alikuwa nyumbani, leo hayuko zamu kiwandani Hima, amelala chini ya mti wa parachichi na kofia usoni. Nikamwamsha.

"Nifungie ndani," nikamwambia.

"Nimekukosea nini?"

"Nifungie na kufuli ya mlango. Ufunguo nabaki nao mimi. Wewe unafungua na bati."

Aliondoa kofia usoni. Ana macho mekundu ya vumbi la saruji hata siku za kupumzika. "Mama Masika, mimi nivunje nyumba yangu mchana, majirani wanaona?"

"Nitakupa chai."

"Mwizi wa chai," akasema, lakini akanyanyuka. Miaka yote hii ananiona na mambo yangu, hajawahi kunikatalia kitu ambacho nimekiomba kwa sauti ile.

Nikaingia chumba cha kwanza. Nikafunga dirisha la mbao. Akavuta mlango, akatia kufuli, nikasikia akiibonyeza. Watoto walikuwa shule. Giza halikuwa giza kamili; lilikuwa giza la mchana, ambalo ni baya zaidi, kwa sababu unaona vitu nusu. Koti la mvua kwenye msumari lilikuwa na mabega.

Mwanzoni alikuwa anaongea. "Mwizi amefika. Mwizi ana njaa. Mwenye nyumba, chai ina sukari?" Nikacheka. Halafu akaanza kuchokonoa, na mikono yake ni minene, hajui, ikambidi akaze akili, akanyamaza.

Sikuwahi kuisikia sauti ile kutoka ndani.

Miaka hii yote niko upande wa nje. Upande wa nje ni kazi, ni mchezo, ni tak. Ndani, sauti inakuja kupitia kwenye mbao. Inakuja kwenye meno. Haiji kama mtu anafungua. Inakuja kama kitu kinakula mlango, kidogo, kinaacha, kinakula tena. Chini ya mlango niliona vivuli viwili vya miguu yake. Vilikuwa havisogei kabisa. Nilijua ni miguu yake. Nilimfulia soksi zile jana.

Nikasema, "Baba Masika?"

Kimya. Bati.

Nikasema tena, nadhani nilisema. Sina hakika kama ilitoka.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Kuinama tu, kusukuma kwa kidole kimoja, umepita. Niliangalia ule mstari wa mwanga na mkono wangu ukakataa. Nikarudi nyuma mpaka kitanda kikanigusa, nikapanda, nikavuta miguu juu, nikaweka ufunguo chini ya kwapa kama mtoto anayeficha sukari. Nilikuwa najua kabisa huyu ni mume wangu niliyemwahidi chai. Na sikumjua.

Sijui ilichukua muda gani. Mlango ulipofunguka, mwanga ukaingia wote mara moja, na aliyesimama pale hakuwa na uso, alikuwa mweusi mzima na kingo za mwanga. Nikapiga kelele, ile ya kuku.

"Wewe," akasema, na sauti ikawa yake. "Una nini? Mbona hukunisukumia ufunguo? Nimekuita."

"Hukuniita."

"Nimekuita mpaka Mama Thembo akatoka nje kuuliza kama umenifukuza. Nimesema, Mama Masika, nimeshindwa, nipe ufunguo. Nimesema mara nyingi. Wewe kimya kama umekufa. Nikaogopa, ndiyo nikaongeza nguvu na hii takataka yako."

Mama Thembo, jirani, alikuwa kweli amesimama pale kwenye ua na mwiko mkononi. "Amekuita, mwenzangu," akasema. "Amekuita kama mtu anayeita ng'ombe."

Sikusikia hata neno moja. Nilisikia bati tu.

Baba Masika alikaa pembeni yangu kitandani na viatu vyake, jambo ambalo siku nyingine tungegombana. Akaninusa kichwa. "Acha mchezo huu kidogo," akasema. "Wiki moja tu. Cheza kitu kingine."

Nilimtengenezea chai. Nilitia sukari nyingi. Halafu nikajifunga kitenge nikaenda barabarani.

Mama Kahindo alikuwa anampimia mtu mawese. Nikasubiri mpaka yule mtu akaenda na chupa yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yakanikimbia.

"Ilifunguliwa na bati," nikasema. "Si ufunguo. Kulikuwa na mkwaruzo mwingine, wa zamani. Niliuona, nikakuficha."

Alifuta mkono wake, kidole kimoja kimoja, mawese yana rangi.

"Nilijua," akasema. "Uliangalia murefu sana kwa mutu ambaye haoni kitu."

Nikamweleza yote. Mkia wa mkwaruzo, na picha za mkono wangu ambazo watu wa upande wake waliziona. Nikamweleza giza, na kwamba mume wangu mwenyewe aliniita na sikumsikia, na ufunguo ulikuwa kwenye kwapa langu. Nikasema labda koko pia hakusikia. Labda kuna mtu wa kwao aliita mpaka akachoka. Niliongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa.

Hakunikatiza. Alipoanza kuongea alikuwa anaangalia barabara, malori yanayosubiri kuvuka.

"Mama angeshika ile funguo hata kama ni mimi niko inje," akasema. "Nilimwambia: usimupe mutu kama hauna hakika. Nikasema, mama, hata usikie sauti ya Yesu, umuulize kwanza jina la mama yake." Akacheka, cheko lake lile, likakatika katikati. "Nilimwambia mara mingi sana. Ni mimi nilimwambia."

Nikamshika mkono wenye mawese. Tulikaa hivyo. Mteja mmoja alikuja akatutazama akaenda zake.

Halafu akasema kitu kingine. Alisema ufunguo wa pili, ule aliompa mama yake, aliufunga kamba ili mzee asiupoteze gizani. Si kamba ya kiatu kama ya kwake. Aliichana kutoka kwenye nguo. Akaniambia ni nguo gani, na rangi gani, na kwamba mzee aliizungusha kwenye kifundo cha mkono na kusema haitatoka pale mpaka waonane.

Nilimwuliza kama naweza kuandika hapa. Alifikiri. "Andika," akasema. "Katekista hana simu ya mambo hayo. Wewe andika. Lakini usiandike jina letu lingine, na usiandike kijiji."

Kwa hiyo sijaandika.

Masika amepiga simu sasa hivi, amemaliza vichwa vyake, anauliza afute au asifute. Picha zile zinaweza kuwa zilimfungulia mlango mtu mbaya. Najua. Nitalala na hilo leo na siku nyingine nyingi, na sina wa kunitoa humo. Lakini nikizifuta, njia iliyotoka kwenye mkono wangu mpaka kwenye mlango ule inafutika, na hakuna njia nyingine ninayoijua ya kurudi pale. Nimemwambia aziache mpaka nipate jibu.

Mama Thembo anapika dagaa, harufu inafika hapa. Watoto wamerudi, wananiuliza kwa nini nimekaa mlangoni. Nimewaambia napunga hewa. Kesho nitaamka kama kawaida, nitawasha jiko, ila simu nitaiangalia kabla ya moto.

Siku zote naandika hapa bila kumwandikia mtu. Leo naandika kwa mtu mmoja.

Wewe uliyefungua ule mlango. Ulikata bati kama mimi, upande mmoja mviringo, na ukazungusha kushoto. Kufuli yenye tone jekundu. Ulifungua, halafu ukaibonyeza tena ukaiweka dirishani, na mtu mwenye haraka mbaya hafanyi hivyo. Nataka kuamini uliita kwanza. Nataka kuamini ulikunja lile blanketi kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anakuambia namna ya kulikunja. Sikuulizi wewe ni nani, na sitampa mtu jina lako.

Binti yake yuko hapa Bwera, mzima, na watoto wote watatu wazima. Mwambie hivyo kama yuko na wewe.

Na kama hayuko tena, niambie mimi, usimwambie yeye. Mimi nitajua namna ya kumfikishia.

Alikuwa na kamba kwenye kifundo cha mkono. Rangi yake siiandiki. Andika chini hapa neno moja, rangi tu, nami nitajua ulimwona.